Wiki ya saba toka opereshen na mkono bado haushiki, nimeharibiwa?

Dada salamu sana. Naomba unisome mpaka mwisho maana hii barua nimeiandika nikaifuta mara tatu.

Mi ni fundi cherehani, nina miaka 43, na hii kazi ndo imenilea mimi na wanangu karibu miaka 20 sasa. Mkono wa kulia ulianza kunisumbua kama miaka miwili hivi iliyopita, kidole gumba na cha shahada na cha kati na nusu ya kile cha pete vinakufa ganzi, usiku ndo balaa kabisa, naamka saa nane naukung'uta mkono kama mtu anayekung'uta maji, napata nafuu kidogo nalala, alfajiri tena hivohivo. Mchana nikishika mkasi nusu saa vidole vinawaka moto. Nikavaa kile kifaa cha kushikilia kifundo cha mkono usiku, nikachomwa sindano ikanisaidia kama miezi mitatu af tatizo likarudi, mwishowe nikapimwa kile kipimo cha umeme cha neva nikaambiwa neva imebanwa kwenye kifundo, wenyewe wanaita kapali taneli, na kwamba hapo ilipofikia ni opereshen tu.

Opereshen nimefanyiwa wiki saba zilizopita. Kusema ukweli usiku ule wa kwanza tu nililala mpaka asubuhi, ganzi ya usiku ikaisha kama mtu kaizima, nikalia kwa furaha. Nyuzi zikatolewa siku ya 12, kidonda kimefunga vizuri. Dokta akaniambia utarudi kazini taratibu, basi, hakunieleza taratibu ni ipi na mi kwa furaha niliyokuwa nayo sikuuliza.

Sasa dada, mkono hauna nguvu. Yaani hauna. Kufungua kifuniko cha chupa nashindwa namwita binti yangu wa miaka 11. Kukamua nguo siwezi. Kikombe kimeniponyoka mara mbili. Sindano nashika vizuri, uzi natunga, lakini mkasi wa kukatia kitambaa kizito nikiubana tu kuna maumivu yanakuja huku chini ya kiganja pembeni ya kovu, pande zote mbili, na nikijisukuma kuinuka kwenye kiti kwa kiganja napiga kelele. Kabla ya opereshen nilikuwa na ganzi lakini nguvu ilikuwepo, nilikuwa nakata kitambaa siku nzima. Sahivi ganzi hamna na nguvu hamna. Kwaiyo nimebadilishana nini hapo?

Wifi yangu anasema wamenikata neva, kuna mtu anamjua alifanyiwa hivohivo na mpaka leo mkono umelala. Mume wangu hasemi kitu lakini namwona anaangalia, maana oda za watu zimerundikana. Rafiki yangu mmoja akaniambia tafuta mpira mgumu ubonyeze mara 300 kwa siku nguvu itarudi, nikabonyeza kweli siku kumi, mkono ukavimba na asubuhi vidole vikawa havikunjiki, nikaacha kila kitu. Sasa hivi nimerudia kuvaa kile kifaa mchana kutwa naogopa hata kuushughulisha. Na dokta ameshanitajia kufanya na wa kushoto maana nao umeanza ganzi.

Naomba uniambie ukweli hata kama ni mchungu. Nguvu itarudi? Na nifanye nini, maana nikibonyeza nakosea na nikikaa nakosea.

Fundi

JIBU

Mdogo wangu fundi, nimekusoma mpaka mwisho, na nimerudia.

Nianze na lile unalolisubiri. Kwa maelezo uliyonipa, hapana, hujaharibiwa. Mkono uliofanyiwa opereshen hii kukosa nguvu wiki ya saba ni jambo linalotegemewa, na kinachoniuma ni kwamba ulitakiwa uambiwe kabla hujalala kitandani, maana maneno matano tu yangekuokoa na wiki zote hizi za hofu: nguvu inashuka kwanza, ndo inapanda. Mi mkono wako sijaushika kwaiyo neno la mwisho ni la wanaoushika, lakini dalili unazonitajia karibu zote zinaelekea upande mzuri.

Ngoja nikueleze kwa kazi yako mwenyewe maana ndo njia rahisi kuliko zote. Kwenye kifundo cha mkono pana kama njia nyembamba, chini na pembeni ni mifupa midogo, juu yake imefunikwa na utepe mgumu, ligamenti, na ndani ya hiyo njia zinapita kano tisa za kukunja vidole pamoja na neva moja. Ile neva ndo ilikuwa inabanwa. Opereshen inachofanya ni kuukata ule utepe wa juu ili neva ipate nafasi, neva yenyewe haiguswi, na ndo maana usiku wa kwanza tu ulilala. Sasa fikiria kamba ya suruali iliyopita ndani ya upindo. Ukifumua upindo sehemu moja halafu ukavuta kamba, kamba inachomoza pale ulipofumua na mvuto mwingi unapotelea hapo badala ya kufika kiunoni. Kano zako ziko hivyo sahivi. Ule utepe ulikuwa unazikandamiza zisiinuke ukikunja ngumi, umefumuliwa, ukibana mkasi zinainuka kidogo na nguvu inavuja.

Halafu kuna la pili ambalo watu wengi hawaambiwi. Ule utepe sio kifuniko tu, ni mahali ambapo misuli ya kidole gumba upande mmoja na misuli ya kidole cha mwisho upande wa pili imejishikiza. Ukiukata, misuli ya pande zote mbili inakuwa imejishikiza kwenye kitu kilicholegea. Ndo hayo maumivu yako chini ya kiganja pembeni ya kovu, kulia na kushoto, unapobana na unapojisukuma kwenye kiti. Yanajulikana, yana hata jina lake huko kwa madaktari wa mikono, na yanawapata wengi waliofanyiwa hii opereshen. Yanaanza kupungua kadiri mwili unavyojaza ule mwanya kwa kovu jipya gumu, kwa wengi mwezi wa tatu tayari ni afadhali, wengine yanavuta mpaka wa sita, wachache yanapitiliza hapo. Hayamaanishi kitu kimechanika.

Sasa namba, maana umetaka ukweli. Kuna utafiti wa mwaka 1989 ulipima watu nguvu kabla ya opereshen kisha ukaendelea kuwapima baada yake. Wiki ya 3 nguvu ya kushika kwa mkono mzima ilikuwa asilimia 28 tu ya ile ya mwanzo, yaani karibu robo tatu imeondoka. Wiki ya 6 ikawa asilimia 73. Miezi 3 ikarudi ilipokuwa. Miezi 6 ikapita, ikafika 116, kwasababu sasa neva haijabanwa tena na misuli inapata amri kamili. Ila angalia na hii, nguvu ya kubana kwa vidole, kama unavyoshika sindano, haikushuka sana, wiki ya 3 ilikuwa 74 na wiki ya 6 ikafika 96. Umeona? Hiyo ndo barua yako yote, sindano nashika uzi natunga lakini mkasi na nguo ya kukamua nashindwa. Mkono wako unafuata ratiba ileile. Hizo ni wastani lakini, kuna wa haraka na kuna wa polepole, mwenye kisukari, anayevuta sigara, mtu aliyechelewa sana mpaka misuli ya kidole gumba ikaliwa, hao wanachukua muda zaidi na wengine haifiki yote.

Kuhusu wifi. Simlaumu, anaogopa kwa niaba yako. Lakini neva ikikatwa haijifichi, ile ganzi isingeisha, ingekuwa mbaya kuliko mwanzo na isingekutoka mchana wala usiku. Kuna tawi dogo tu la ile neva linaloenda kwenye mnofu wa kidole gumba, hilo unaweza kulijaribu mwenyewe sasa hivi. Laza mkono juu ya meza, kiganja kiangalie juu, halafu inua kidole gumba wima kielekee darini huku mkono umetulia. Kisha gusisha ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho. Ukiweza vyote viwili, hata kama ni kwa unyonge, tawi linafanya kazi. Ukishindwa kabisa kuinua, na kabla ya opereshen ulikuwa unaweza, hiyo usisubiri barua yangu nyingine, nenda kaonyeshe wiki hii.

Na wewe kuuliza umebadilishana nini, nakuelewa, lakini neva iliyobanwa ukiiacha miaka inaua misuli ya kidole gumba taratibu, unaona pale chini ya gumba panaanza kubonyea, na ikifika huko hata opereshen inaweza isirudishe. Ile nguvu uliyokuwa nayo ya kukata kitambaa siku nzima ilikuwa inaelekea kuondoka, ulikuwa hujaiona tu.

Haya, mpira. Rafiki yako amekupenda lakini amekupa dawa ya mkono mwingine. Mpira mgumu mara 300 kwenye wiki ya tano au ya sita maana yake unavuta ile kamba mara 300 kwenye upindo ambao bado haujashonwa, kano zinasuguana, zinavimba, uvimbe unajaa kwenye kiganja, asubuhi vidole vimekakamaa. Mwili haukuwa mvivu hapo, ulikuwa unakukataza. Halafu ukaenda upande wa pili kabisa, ukauvalisha mkono kile kifaa kutwa. Hicho nacho acha, kivue leo. Baada ya opereshen hii kuufunga mkono siku nyingi hakuharakishi kupona, tafiti zimeliangalia hilo na hazijaona faida, kinachopatikana ni vidole kukakamaa na misuli kunywea. Ukilazimika kukivaa, basi ni safari yenye msukumano ambapo mtu anaweza kukugonga, ukifika unavua.

Kwahiyo nguvu inarudije? Kwa matumizi madogo ya mara nyingi ambayo hayaachi uvimbe. Mi hapo ndo nasimama, na nimeona mikono mingi sana ikiharibika kwa haraka kuliko kwa uvivu. Kipimo chako kikubwa ni asubuhi. Ukifanya kitu leo, ukahisi kuvuta au kuuma kidogo, na maumivu yakatulia ndani ya saa moja au mbili, na asubuhi vidole vinakunjika kama jana, hicho ni kiwango chako, endelea nacho. Asubuhi ukiamka vimekakamaa au vimevimba, ulizidisha, punguza nusu, usiache kabisa. Narudia, usiache kabisa.

Anza na kulainisha kabla ya kutafuta nguvu, maana ngumi isiyofunga vizuri haiwezi kushika. Nyoosha vidole vyote wima. Kisha kunja jointi za juu tu kama ndoano, zile kubwa za kwenye kiganja zibaki zimenyooka. Rudi wima. Kisha ngumi kamili. Rudi wima. Kisha kunja pale vidole vinapoanzia tu, vyenyewe vibaki vimenyooka kama paa la meza. Rudi. Kisha ngumi bapa, ncha za vidole ziguse chini ya kiganja bila kujikunja kucha ndani. Mara tano au kumi kila mkao, polepole, mara tatu nne kwa siku, asubuhi ufanye mkono ukiwa kwenye maji ya uvuguvugu kama umekakamaa. Kila mkao unazitelezesha kano kwa namna yake ndani ya ile njia zisije zikagandana na kovu. Ni zoezi linaloonekana la kitoto na watu wanaliruka, usiliruke, ndo lenye kazi kubwa kuliko yote hapa.

Kovu nalo. Kwa vile kidonda kimefunga kabisa, paka mafuta yoyote ya kawaida yasiyo na harufu kali, bonyeza kwa kidole gumba cha mkono wa pili ukizungusha duara ndogo juu ya kovu na pembeni yake, dakika tatu mpaka tano, mara mbili tatu kwa siku. Mwanzo inakera, kovu linasisimka ukiligusa. Lizoeshe, anza na pamba, siku zikienda kitambaa laini, halafu taulo, halafu kile kitambaa kigumu unachoshona. Una vitambaa vya kila aina hapo, hakuna mtu mwenye vifaa kukushinda.

Baada ya hapo ndo nguvu. Chukua sponji laini, lowesha, kamua ndani ya beseni la maji, mara kumi, pumzika, mara kumi tena. Siku mbili tatu uone asubuhi inasemaje. Ukishakamua sponji wiki nzima bila uvimbe ongeza idadi, halafu hamia kitambaa kidogo, halafu kikubwa. Kukamua nguo nzito iache iwe ya mwisho kabisa maana pale unabana na unapinda kifundo kwa pamoja, ni kazi ngumu kuliko zote za nyumbani kwa mkono huu. Kwa sasa nguo ining'inize ivuje yenyewe au kamua na binti yako, mmoja kashika huku mwingine kule.

Kuna kitu kimoja nataka ukijaribu sasa hivi ukiwa unasoma. Pinda kifundo chako cha mkono kuelekea chini, kabisa, halafu jaribu kukunja ngumi kwa nguvu. Inakataa si ndio? Sasa inua kifundo kidogo kuelekea juu, kama mtu anayetaka kusimamisha gari lakini nusu tu, ukunje tena. Nguvu imekuja. Hata mkono mzima uko hivyo. Watu wakishafanyiwa opereshen wanajilinda, kifundo kinalala chini bila wao kujua, wanapoteza na ile nguvu kidogo waliyonayo. Angalia ukishika mkasi kifundo chako kimekaaje, nina wasiwasi kimeshuka. Zoezi lake, laza mkono ukingoni mwa meza kiganja kikiangalia chini, kiganja kining'inie nje, inua na kushusha, kwanza mkono mtupu, baadaye ushike chupa ndogo yenye maji kidogo. Misuli ya juu ya mkono ndo inayomshikilia mwenzake wa chini abane.

Mkasi wenyewe, badilisha kwa muda. Zungushia mishikio kitambaa iwe minene, mshikio mnene unahitaji nguvu ndogo kuliko mwembamba. Ukipata mkasi wenye springi unaojifungua wenyewe ni bora zaidi. Kata kitambaa kikiwa mezani badala ya hewani. Dakika 15 za kukata, halafu shona au pima au fanya kingine, halafu rudi. Vitambaa vizito vyenye matabaka manne, mpe mtu mwingine akukatie mpaka miezi mitatu itimie, na oda mpya za namna hiyo zipokee kwa tarehe ya mbele. Mwambie mume wako hizi tarehe, mwonyeshe hata zile asilimia hapo juu. Mtu anayeangalia tu bila kusema mara nyingi anahesabu mwisho ambao hajui uko wapi.

Na pima, mdogo wangu, maana jicho la hofu halioni mabadiliko. Hospitalini wana kifaa kinaitwa dainamomita, unakaa, mbavu na mkono wa juu vimeshikana, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, unabana mara tatu wanachukua wastani, unapata kilo. Ukiwa na nafasi ya kumwona mtu wa fiziotherapia mwombe akupime sasa na akupime tena mwezi wa tatu. Kama huna, kifaa cha presha cha mshale kinafaa pia, kunja ule mfuko uwe kama bomba, pampu mpaka 20, ubane kwa mkono uone mshale unafika wapi, andika. Mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile. Usipime kila siku, utajitesa, mkono una siku zake. Na usijilinganishe na wa kushoto kama ndo hakimu, kwa watu wengi wanaotumia kulia mkono wa kulia huwa na nguvu zaidi kwa karibu asilimia 10, kwaiyo hata vikilingana bado kulia hakujamaliza safari. Jilinganishe na wiki yako iliyopita.

Mkono wa kushoto. Tatizo hili kupiga mikono yote miwili ni kawaida tu. Ila kama ganzi ya kushoto ndo kwanza inaanza, inakuja usiku inaondoka, nguvu iko, basi vaa kile kifaa huko kushoto wakati wa kulala, hapo ndo kina kazi, na mwombe dokta msubiri mpaka huu wa kulia uweze kubeba kazi za nyumba peke yake. Kama ganzi haitoki mchana kutwa au gumba linaanza kubonyea, hapo mazungumzo ni mengine, usiivute.

Najua na wengine mtasoma hapa mmefanyiwa vingine. Waliofunguliwa kidole kinachonasa kikikunjwa, nyie mna njia fupi, wengi ni wiki chache tu, muhimu kidole kichezeshwe mapema. Waliotolewa mfupa mdogo chini ya kidole gumba kwasababu ya jointi kulika, nyie msijilinganishe na fundi kabisa, kwenu ni miezi, kubana kunaweza kuchukua mpaka mwaka, na wiki za mwanzo mnafungwa kwa sababu za msingi. Na wale wa vidole vilivyokuwa vinavutwa kuelekea kwenye kiganja haviwezi kunyooka, kwenu kunyooka ndo kunakwenda mbele ya nguvu, kile kifaa cha usiku ukipewa kivae.

Turudi kwako. Nenda bila kusubiri ukiona kovu linakuwa jekundu, la moto, linatoa usaha au una homa. Nenda ukiona mkono unavimba na kung'aa, unabadilika rangi, unatoa jasho kivyake au una joto tofauti na mwenzake, na maumivu ni makali hata shuka likikugusa, hilo likishikwa mapema linatibika vizuri zaidi. Nenda ganzi ikirudi usiku kama zamani, inawezekana utepe haukukatika wote. Nenda kidole kikigoma ghafla kukunjika chenyewe. Na kama wiki ya 12 ikifika na namba zako hazijapanda hata kidogo kutoka leo, nenda, hata kama hakuna kinachouma, waangalie na shingo, waangalie jointi ya chini ya gumba, wapime sukari na tezi la shingo, maana kuna vitu vinajificha nyuma ya kapali taneli.

Leo fanya mambo matatu tu, vua kile kifaa, fanya ile mikao ya vidole mara tatu, na pima uandike namba ya kwanza kwenye kile kidaftari unachoandikia vipimo vya wateja. Wiki ya 12 niandikie tena unitajie namba zote, ya leo mpaka ya siku hiyo, nitazisubiri.